Rangi ya Mlango

Mama mwenye mtoto anayechora, kitu cha kwanza ajue kwamba rangi hazifanani. Ipo rangi ya picha na ipo rangi ya mlango. Marsela wa kijiji cha Buger hakulijua hilo, na kutolijua kwake nusura kulete fimbo na sime kwenye ua wa shemeji yake mchana kweupe. Ndiyo maana habari hii inaandikwa, ili mwingine asije akafanya kama yeye.

Marsela alikuwa mjane wa Lazaro. Shamba lake lilipakana na la Tluway, kaka mkubwa wa Lazaro, na kila mvua zikikaribia maksai wa Tluway ndio waliomlimia. Binti yake Angelina alikuwa Karatu mjini, kwenye banda la wachoraji lililo kando ya lami ile inayopanda kwenda getini Ngorongoro. Mwanzoni Angelina alichora vitu vinavyoeleweka: twiga, tembo, na morani wembamba kama njiti za kiberiti, wamejipanga mbele ya jua jekundu. Watalii walisimamisha magari, wakanunua, wakaondoka wakicheka. Siku hizo Marsela alilala usingizi mzuri.

Kisha akaja Raphaeli. Raphaeli alikuwa amesomea uchoraji pwani, akarudi na ndevu na maneno mengi. Siku Marsela alipopita bandani kumpelekea binti yake maharage, alimkuta amewakalisha vijana chini anawahubiria.

"Zamani huko Ulaya wachoraji walichora wafalme na malaika," alisema Raphaeli. "Treni ikaja, kamera ikaja, watu wakahamia mjini. Basi wachoraji wakatoka nje, wakaanza kuchora stesheni, wafua nguo, walevi na vilabu vyao. Walitukanwa! Wakaambiwa hii si sanaa, ni uchafu. Na hapa kwetu vijana wa Dar walichukua vipande vya silingibodi na rangi za baiskeli, hawana hiki wala kile, wakachora ya kwao mpaka dunia ikageuza shingo. Jamii ikibadilika na mchoraji akabaki palepale, huyo ni mtengeneza kalenda tu."

"Kalenda ina ubaya gani?" Marsela aliuliza pale mlangoni. "Mimi ninayo ukutani. Ina Bikira Maria."

Vijana walicheka. Angelina hakucheka, alitazama chini. Ndipo Marsela alipojua kwamba twiga wameisha.

Na kweli waliisha. Angelina akaanza kuchora wachuuzi wa vitunguu, na bibi akipiga picha kwa simu ya mjukuu. Watu hawa walikuwa na majina, walikuwa na ndugu, na wangeweza kujiona. Hilo ndilo lililomtia Marsela hofu. Twiga haji nyumbani kwako kuuliza kwa nini umemchora.

Wachoraji wa banda wakakodi ukumbi mjini, wakatundika picha zao zote, wakaandika mlangoni kwa chaki za rangi: KARATU YA LEO. Picha ya Angelina ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Marsela alipoiona siku ya kwanza alishika kifua. Ulikuwa ua wa Tluway, wazi kabisa. Ile nyumba ya kizamani ya paa la udongo, nusu imezama mlimani, na juu ya paa dishi la televisheni. Sola. Bodaboda yenye madumu ya maziwa. Mke wa Tluway amepanda juu ya jiwe, mkono mmoja hewani, anatafuta mtandao. Na mbele kabisa, ng'ombe jike mweupe wa kijivujivu, amegeuza ubavu, na juu ya ubavu kovu la kuchomwa kwa moto, mviringo wenye mkia, limechorwa kwa uangalifu kama pambo la shanga.

"Mbona umemweka mama yako mkubwa juu ya jiwe kama kuku?" Marsela alinong'ona.

"Si ndivyo alivyokuwa, mama?"

"Na hilo dishi. Watasema tunajivuna."

Ng'ombe Marsela hakumtilia maanani. Ng'ombe mwenye kovu ni jambo la kawaida Buger. Akiugua mapafu au akavimba, watu humchoma kwa chuma cha moto ubavuni, apone. Kila zizi lina ng'ombe wa namna hiyo. Angelina mwenyewe alilichora kovu kwa sababu lilimpendeza, basi.

Siku ya tatu asubuhi, Marsela akipepeta maharage, Tluway aliingia uani bila hodi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mpole kwa kawaida. Siku hiyo hakuketi.

"Shemeji, binti yako ameniua."

"Yesu wangu! Amefanya nini?"

"Yule rafiki yake wa Kimaasai, Nareyu, si amepiga picha ile picha akaitupa kwenye grupu lao? Sasa mnadani wanasema yupo mzee mmoja wa Endulen, kule Ngorongoro, anaitwa Sironka, ameivuta kwa vidole simuni mpaka akaona ubavu wa ng'ombe. Anasema ile ni alama ya ukoo wao. Olmishire, ndivyo wanavyoiita. Kila ng'ombe wao anachomwa hiyo, na huyu ni wake, alimpotea mwaka wa ukame."

Marsela aliacha ungo. "Na ni wake?"

Tluway aligeuza uso. Alisema alimkuta kwenye shamba lake la vitunguu kule Mang'ola, mifupa mitupu, anakula magugu. Wafugaji walikuwa wameshateremka na kupanda na mifugo yao, hakuna aliyekuja kuuliza. Akampandisha Buger, amtunze kwa muda. Ng'ombe akanenepa. Akazaa. Muda ukawa mrefu.

"Hukutangaza?"

"Nitangaze wapi, shemeji? Redioni?" Kisha sauti ikashuka. "Wanakuja kesho kuitazama yenyewe. Mzee anasema simu inaweza kudanganya, labda ni kivuli. Akiiona kwa macho, atakuja huku na vijana wake. Na mimi sitakaa nitazame mtu anafungua zizi langu. Unanielewa? Wanangu wapo. Patachafuka. Na watu watakapouliza nani aliwaonyesha njia, watasema binti wa Lazaro. Mwambie aseme ametunga. Wachoraji si hutunga? Aseme aliota."

Alipofika njiani aligeuka. "Mvua hizo zinakuja, Marsela. Mimi ndiye ninayekulimia."

Marsela hakumaliza maharage. Ndani, nyuma ya mtungi, palikuwa na kopo la rangi ya mafuta iliyobaki alipopaka mlango wake mwaka jana. Rangi ya kijivu. Alilitazama muda. Akalitia kwenye kikapu pamoja na brashi, akafunika kwa kabeji mbili, akasimamisha bodaboda. Njia nzima kopo lilimgonga gotini, na kila lilipogonga aliomba Angelina akubali kusema ameota, kopo libaki ndani ya kikapu.

Angelina alikuwa ukumbini peke yake, anafagia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea ufagio.

"Nilidhani ni kovu la dawa," alisema polepole.

"Basi sema umetunga. Neno moja tu. Umeota."

"Mama, sikuota. Nilikaa pale kwa baba mkubwa Jumapili nzima, nikamtazama yule ng'ombe mpaka akanizoea. Nikisema nimemtunga, basi na jiwe nimetunga, na dishi, na yule mama wa vitunguu. Wataniambia rudi kwenye twiga zako."

"Rudi! Twiga wana ubaya gani? Twiga hawana wajomba!"

"Mama."

"Watakuja kukupiga, wewe mtoto. Wale wakikosa ng'ombe hawana mchezo. Na wa kwetu wakikuona umewaonyesha watu njia, hawatakusalimia mpaka kufa. Utasimama wapi? Katikati? Katikati hapana nyumba."

"Nitamwambia mzee nilichokiona na nilichodhani. Hivyo viwili tu." Angelina akamshika mkono. "Ayo, twende tukale. Umetoka mbali, hujatia kitu tumboni."

Alipomwita Ayo, yaani mama kwa Kiiraqw, lugha yao Wambulu, kama utotoni, Marsela karibu alie. Alisema hana njaa, atapumzika kidogo pale kwenye benchi, aende tu. Angelina akaondoka, akampitia Raphaeli bandani, wakaenda kwa mama ntilie wa nyuma ya stendi.

Ukumbi ukawa kimya. Marsela aliondoa kabeji. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimeganda, akakichokonoa kwa ufunguo wa nyumba mpaka kikaruka na kubingirika chini kwa kelele, akadhani mji mzima umesikia. Alisimama mbele ya ng'ombe. Kwa karibu alimwona vizuri kuliko siku zote. Jicho lake lilikuwa na unyevu. Kovu lilikuwa na kivuli chembamba upande wa chini, ungeweza kupitisha kidole ukaona limeinuka. Mtoto wangu ameyajua haya lini, alijiuliza, na mkono ukasita.

Kisha akaifikiria fimbo juu ya kichwa cha Angelina, akapaka.

Alipaka kama anavyopakwa mlango, juu chini, juu chini, mpaka mviringo ukaisha na mkia ukaisha. Kijivu kilikaribiana na kijivu. Akarudi nyuma hatua chache, akaona hewala, si vibaya. Kesho itakuwa imekauka. Watakuja, wataona ubavu mtupu, watasema simu imedanganya, watarudi Endulen. Akafuta brashi kwa jani la kabeji, akarudisha kopo kikapuni na kabeji juu yake.

Nje gari likafunga breki.

Alisikia sauti ya kike anayoijua ikicheka, "Ingieni tu, hapa hapana kiingilio, hii ni nyumba ya Wambulu!" Nareyu akaingia, na nyuma yake mzee mwenye shuka ya bluu na koti la suti, fimbo mkononi, na kijana mrefu. Walikuwa wafike kesho. Lakini walipata lifti ya gari linaloteremka, na nani atakataa lifti?

Marsela aliketi juu ya kikapu chake.

"Takwenya, yeyo," mzee alimwamkia kwa heshima, kama mama.

"Iko," Marsela aliitika kwa mazoea ya mnadani.

"Huyu ni mzee Sironka, baba yangu mdogo," Nareyu alisema. "Na huyu ni Kakuta, mwanawe. Mzee, huyu ndiye mama yake mchoraji. Mama, Angelina yuko wapi? Mbona umekalia kabeji?"

Marsela alisema wamekwenda kula. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alizipita picha nyingine bila haraka, akatabasamu kidogo kwenye ile ya bibi na simu, akafika kwenye kubwa, akasimama. Akatoa simu kwenye koti, akaivuta picha kwa vidole viwili. Akatazama simu. Akatazama ubavu. Akatazama simu tena.

"Kakuta. Njoo uone."

Kakuta aliona, akasema maneno makali ya Kimaasai. Nareyu akaacha kucheka.

Wakati huohuo Angelina na Raphaeli waliingia, Raphaeli angali anachokonoa meno. Angelina aliamkia, akafuata macho ya mzee, na miguu ikasimama. Maana ilionekana toka mlangoni. Picha yote ilikuwa tulivu, haing'ai, kama vumbi la Buger lenyewe. Pale ubavuni tu palimeremeta kama paji la uso lililopakwa mafuta.

"Nani amemwaga nini hapa?" Raphaeli alifoka.

Sironka aliinua kidole akakigusisha ng'ombe. Kidole kikarudi na kijivu. Akakinusa.

"Mlango," alisema.

Angelina aligeuza kichwa, akaona kikapu, akaona ncha ya kitenge cha mama yake ina kijivu.

"Ayo. Ni wewe?"

Marsela aliikunja ncha ya kitenge, akaificha chini ya goti.

Kakuta akapiga hatua. "Mnaona? Wanafuta! Mzee, twende huko huko sasa hivi. Napiga simu, vijana wapo Oldeani."

"Ngoja." Sironka hakupandisha sauti. Alimgeukia Angelina. "Binti, sitaki kujua nani kafuta. Nataka kujua kilichofutwa. Wewe ndiye uliyechora?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapa palikuwa na nini?"

Marsela alimtazama mwanawe kwa macho yote aliyonayo. Sema umeota. Sema kivuli. Kakuta tayari alikuwa na simu sikioni. Angelina aliutazama ubavu wa ng'ombe muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akachukua brashi mezani, akaigeuza, na kwa mpini akaanza kukwangua. Rangi ya mlango ilitoka kwa mikunjo, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mviringo ukarudi. Mkia ukarudi, umekwaruzika, lakini ndio.

"Palikuwa na hiki," alisema. "Niliona kwa macho yangu kwa baba yangu mkubwa, Buger. Nilidhani ni kovu la dawa. Sisi huchoma ng'ombe akiugua. Sikujua kuwa ni maandishi."

Sironka alimtazama, kisha akamtazama Marsela, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama huruma.

"Binti, ningekuamini," alisema. "Hata sisi tunachoma ng'ombe akiugua. Nimekuja na shaka yangu hiyo hiyo, kwamba labda ni dawa, imefanana tu na ya kwetu. Ningetazama, ningekunywa chai, ningerudi. Lakini kovu la dawa, yeyo, nani huwa analificha?"

Marsela alishuka kwenye kikapu, akapiga magoti. "Mimi ni mama," alisema. "Niliogopa fimbo. Msiende na vijana. Nawaomba. Nitawapeleka mwenyewe, mimi na nyinyi tu, mtu asipige simu."

Mzee alimnyooshea Kakuta mkono. Kakuta alisita, akampa simu. Mzee akaitia kwenye koti pamoja na yake.

Walikwenda Buger kwa gari alilokodi Raphaeli, wamebanana. Marsela alikaa mbele, akitazama barabara nyekundu na kuhesabu rozari kichwani, akaipoteza, akaanza upya. Walipofika, wana wa Tluway walikuwa wakilinda getini, mikono nyuma, na Marsela alijua kilichokuwa mikononi. Alishuka wa kwanza. Akasimama kati ya geti na gari, mwanamke mfupi mwenye kitenge chenye doa.

"Shemeji, wamekuja kwa mazungumzo."

Tluway alitokea nyuma ya nyumba. Alimwona Angelina garini, akatema mate pembeni.

Sironka hakwenda zizini. Alisimama palepale barabarani, akaita, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto: "Naibor! Naibor!"

Nyuma ya miiba kitu kilikohoa. Halafu ng'ombe mweupe wa kijivujivu akainua kichwa juu ya wenzake, masikio mbele, akalia. Akaja mpaka kwenye uzio akatia pua kwenye mwanya. Hata wana wa Tluway walishusha mikono. Maana mtu unaweza kubishana naye, lakini utabishanaje na ng'ombe anayeitika?

"Nilikuwa namtunza," Tluway alisema.

Kakuta alicheka kwa dharau. Mzee akamkata kwa jicho. Marsela alijua kila kitu kinaning'inia kwenye neno litakalofuata.

"Umemtunza vizuri," Sironka alisema. "Kanenepa. Mwaka ule kwetu angekufa. Maziwa uliyokamua yawe shukrani yangu. Ndama tunakwenda naye, maana hajui kulala bila mama."

Ndivyo ilivyokwisha. Hakuna aliyepigwa. Tluway mwenyewe alifungua zizi. Lakini Naibor alipopita, na Marsela akathubutu kusema asante shemeji, Tluway alimjibu bila kumtazama.

"Picha si kitu. Ningewaambia ni kovu la dawa, wangekunywa chai. Wewe na kopo lako ndio mliowaambia kwamba mimi ni mwizi. Usije tena kuomba moto hapa."

Na wa Buger wakikutenga hawakupigi wala hawakutukani. Wanapita tu. Mawingu ya mvua yamekwisha kukaa juu ya msitu, mashamba ya jirani yamegeuzwa meusi, na maksai hawajaja kwa Marsela. Analima kwa jembe la mkono. Angelina huja Jumapili kumsaidia, viganja vyake laini vinatoka malengelenge, na hakuna anayewapigia kelele ya pole kutoka ng'ambo ya mpaka wa shamba.

Raphaeli alitaka kuisafisha picha kwa mafuta ya taa, airudishe kama ilivyokuwa. Angelina alikataa. Imetundikwa vilevile, na kila anayeingia hutazama kwanza pale panapong'aa, halafu ndipo aone dishi, na jiwe, na mama mkubwa anayetafuta mtandao. Chini yake, kwenye kikaratasi cha jina la mchoraji, Angelina ameandika majina mawili.

"Ondoa jina langu," Marsela alimsihi alipoliona. "Watu watanicheka."

"Si umepaka, mama?"

"Nilipaka kwa hofu."

"Basi na hiyo ipo Karatu ya leo," Angelina alisema, akamwekea kiti.

Marsela aliketi. Alikitazama kile kipande cha rangi ya mlango wake mpaka macho yakamuuma. Kilikuwa kimekauka kabisa sasa, na bado kinang'aa.